Kinywa cha Muuaji: Maungamo ya Dirk Coetzee na Swali la Toba

Katika darasa letu la Historia ya Kanisa Barani Afrika, kila tufikapo sura ya makanisa na ubaguzi wa rangi huko Afrika Kusini, huzuka swali ambalo halimo katika mtaala. Mwaka mmoja mwanafunzi aliliuliza wazi kuliko wenzake waliomtangulia. Alisema: Mchungaji, mtu kama Dirk Coetzee akija kwako Jumamosi jioni, akaomba ondoleo ili kesho yake ashiriki Chakula cha Bwana, utamfanyia nini? Darasa lilinyamaza, nasi tulinyamaza pamoja nalo. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa kuifuata historia yenyewe kwanza, maana tumeona mara nyingi jinsi sisi wanatheolojia tunavyokimbilia neno "msamaha" kabla hatujajua ni nani aliuawa, wapi, na kwa mkono wa nani.

Jambo hili si la kigeni kwetu Walutheri wa Afrika Mashariki. Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu jijini Dar es Salaam, na ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa Rais wa Fungamano. Mkutano huo ulitamka kwamba ingawa kwa kawaida Wakristo waweza kutofautiana katika mambo ya siasa, utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umefikia mahali ambapo kuukataa hadharani ni suala la imani yenyewe. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Septemba 1977, Steve Biko alifariki akiwa mikononi mwa polisi wa usalama. Na mwaka 1984, katika mkutano wa Budapest, makanisa mawili ya Kilutheri ya wazungu kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa sababu ya kutolitii tamko lile la Dar es Salaam. Basi yaliyotendeka katika miaka iliyokuwa kati ya mikutano hiyo miwili yanatuhusu. Sehemu kubwa ya habari za Coetzee ni ya miaka hiyo.

Shamba la Vlakplaas

Dirk Coetzee alizaliwa mwaka 1945. Alikuwa ofisa wa polisi, na tangu 1980 hadi mwisho wa 1981 aliongoza kikosi cha siri kilichokaa katika shamba liitwalo Vlakplaas, kando ya mto Hennops, yapata kilomita 20 magharibi ya Pretoria. Katika orodha za polisi wa usalama kikosi hicho kiliitwa C1. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwakusanya wapigania uhuru waliotekwa na kugeuzwa, ili wawatambue wenzao wa zamani wanapoingia nchini kwa siri. Baadaye kikawa kikosi cha kuua.

Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo. Watu hao waliogeuzwa waliitwa "askari". Ni neno letu hasa. Kwetu hata mtoto mdogo alijua maana yake: mlinzi wa benki, polisi wa njia panda, babu aliyetumikia jeshi la Mjerumani au la Mwingereza. Kule Afrika Kusini likawa jina la mtu aliyewasaliti ndugu zake kwa kuogopa kufa, kisha akalipwa mshahara wa kuwawinda. Nchi yetu iliwapokea vijana wa Afrika Kusini waliokimbia, ikawapa mahali pa kusomea pale Mazimbu, Morogoro, tangu 1978. Ni uchungu kuona neno tulilozoea kulitumia likiwa ndilo jina la wale waliowavizia vijana kama hao mipakani.

Griffiths Mxenge alikuwa wakili mjini Durban. Alikuwa amekwisha kufungwa katika kisiwa cha Robben kwa ajili ya chama chake, African National Congress, na alipotoka aliendelea kuwatetea washtakiwa wa kesi za kisiasa. Kwa maelezo ya Coetzee mwenyewe, amri ya kumwua ilitoka kwa wakubwa wa polisi wa usalama, na sharti likawa kwamba kifo kionekane kuwa kazi ya wanyang'anyi. Wanaume wanne wa Vlakplaas walipewa kazi hiyo: Almond Nofomela, David Tshikalange, Brian Ngqulunga na Joe Mamasela. Kwanza mbwa wa nyumbani kwake waliuawa kwa nyama yenye sumu. Kisha, tarehe 19 Novemba 1981, Mxenge alikamatwa njiani akirudi nyumbani, akapelekwa karibu na uwanja wa michezo wa Umlazi, na huko akachomwa visu. Mwili wake ulikutwa na majeraha zaidi ya 40. Gari lake lilipelekwa mbali hadi karibu na mpaka wa Swaziland, likachomwa moto. Mkewe, Victoria Mxenge, naye akiwa wakili, aliishika kazi ya mumewe kwa miaka karibu minne, hata naye akauawa nyumbani kwake tarehe 1 Agosti 1985.

Mwaka huohuo wa 1981 kijana Sizwe Kondile, aliyekuwa amekamatwa alipoingia kutoka Lesotho, aliumia kichwani akiwa mahabusu. Kwa maelezo ya Coetzee, polisi waliogopa kupata "Biko mwingine", hivyo waliona heri atoweke kuliko afie mikononi mwao. Walimpeleka karibu na Komatipoort, wakamlevya kwa dawa, wakampiga risasi, wakauchoma mwili wake juu ya kuni na matairi. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi za usiku. Wakati moto ule ukiwaka, wao walikuwa kando wakichoma nyama ya kula na kunywa pombe. Familia iliambiwa kwamba kijana ameachiliwa na kwamba pengine amerudi Lesotho.

Tumeyaandika haya kwa kirefu kwa makusudi. Mara kwa mara tumesikia mahubiri juu ya upatanisho wa Afrika Kusini ambamo jina la Askofu Mkuu Tutu hutajwa mara kumi na jina la Kondile halitajwi hata mara moja.

Jinsi kinywa kilivyofunguka

Coetzee hakuwa wa kwanza kusema. Wa kwanza ni Nofomela, naye alisema akiwa na kitanzi mbele yake. Alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kosa lisilo na siasa ndani yake, yaani kumwua mkulima mzungu huko Brits. Kwa muda mrefu alingoja wakubwa zake wamwokoe. Alipotambua kwamba hawatamwokoa, alitoa hati ya kiapo tarehe 19 Oktoba 1989, siku moja kabla ya siku aliyopangiwa kunyongwa, akaeleza habari za Vlakplaas na kuuawa kwa Mxenge, akimtaja Coetzee kuwa kamanda wake. Kunyongwa kukasimamishwa.

Sasa Coetzee naye alikuwa hatarini. Tangu mwaka 1982 alikuwa ameondolewa katika polisi wa usalama na kutupwa pembeni, akaacha kazi mwaka 1986 akiwa na kinyongo. Miaka kadhaa nyuma alikuwa amemdokezea siri zake mwandishi wa habari Jacques Pauw, lakini hakuna aliyethubutu kuzichapisha. Baada ya hati ya Nofomela aliona wazi kwamba wakubwa zake wangemtwika yeye peke yake mzigo wote. Pauw, aliyekuwa akiandikia gazeti dogo la Kiafrikana liitwalo Vrye Weekblad chini ya mhariri Max du Preez, alimpeleka Mauritius, na huko akasema yote. Habari ilichapishwa tarehe 17 Novemba 1989. Kwa mara ya kwanza ofisa aliyekuwa kamanda wa kikosi cha mauaji alisimama hadharani na kusema kwamba kikosi kipo, kwamba yeye alikiongoza, na kwamba aliyoyafanya aliyafanya kwa amri. Aliyempokea na kumlinda, kwanza London kisha Lusaka, ni chama kilekile alichokuwa akiwaua watu wake. Wanachama wa ANC walimlinda mwuaji wa Mxenge kwa sababu ushahidi wake ulikuwa na thamani kubwa kuliko kisasi. Hilo nalo ni jambo la kutafakari, ingawa wao hawakuliita neema.

Twaulize basi: je, haya yalikuwa maungamo? Kwa kipimo cha nia, hatuoni usafi mwingi. Mmoja alisema kwa hofu ya kamba, mwingine kwa hofu ya kuachwa peke yake, na kinyongo kilikuwamo. Lakini yatupasa kuwa waangalifu. Daudi naye hakuungama hata Nathani alipomjia na kumfichua. Kama asingefichuliwa, Uria angebaki katika orodha ya waliokufa vitani, na mambo yangeishia hapo. Hatujui toba yoyote katika Maandiko iliyoanza kwa moyo safi. Tofauti hujitokeza baadaye, katika yale mtu ayafanyayo akiisha kufichuliwa.

Gharama iliyolipwa na wengine

Rais F. W. de Klerk aliunda tume chini ya Jaji Louis Harms mwaka 1990. Coetzee alitoa ushahidi wake London. Maofisa waliotajwa walikana kila kitu, na tume haikumwamini Coetzee. Ilipotoa taarifa yake mwezi Novemba 1990, Vlakplaas ilitoka ikiwa karibu safi. Wakati huohuo Jenerali Lothar Neethling, mkuu wa maabara ya polisi, ambaye Coetzee alisema ndiye aliyempa sumu, alilishtaki gazeti kwa kumchafulia jina. Mwezi Januari 1991 Jaji Johann Kriegler alimwamini Coetzee na kuitupilia mbali kesi. Lakini Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo mwaka 1993, na Vrye Weekblad, likiwa limelemewa na gharama, likafungwa mwaka 1994. Ukweli ulikuwa umesemwa, ukathibitishwa na jaji mmoja, ukakataliwa na wengine, na gazeti lililouchapisha likafa miezi michache kabla ya nchi kupata uhuru ambao ungeuthibitisha.

Kifo cha Bheki Mlangeni kinatusumbua kuliko hayo yote. Alikuwa wakili kijana wa Soweto, mmoja wa wale walioshughulikia uchunguzi wa vikosi vya mauaji mbele ya Tume ya Harms. Watu wa Vlakplaas walitengeneza redio ndogo ya kaseti yenye vifaa vya kusikilizia vinavyovaliwa masikioni, wakatia baruti ndani ya vifaa hivyo, wakaituma Lusaka kwa jina la Coetzee. Kama mtumaji waliandika jina la Mlangeni. Coetzee, aliyezijua mbinu za wenzake wa zamani, aliutilia shaka mzigo ule. Hatimaye ulirudishwa kwa yule aliyedhaniwa kuwa ameutuma. Tarehe 15 Februari 1991 Mlangeni alivaa vifaa vile nyumbani kwake, akabonyeza kitufe ili asikilize kanda iliyoandikwa kwamba ina ushahidi juu ya vikosi vya mauaji. Akafa papo hapo.

Hata miongoni mwa wauaji kulikuwa na aliyelipa. Brian Ngqulunga, mmoja wa wale wanne waliomwua Mxenge, alishukiwa na wenzake kwamba naye yu karibu kusema. Mwaka 1990 wakamwua. Hivyo yule aliyefungua kinywa kwanza kati ya makamanda aliokoka, na wengine wawili, mmoja mwuaji na mmoja asiye na hatia, walikufa kwa sababu ya kinywa hicho. Hatusemi kwamba Coetzee ana hatia ya damu ya Mlangeni; wenye hatia ni waliotega baruti. Lakini mwenye kutoa ondoleo kwa mtu wa namna hii na ajue kwamba habari anayoisikia haimhusu mtu mmoja tu na Mungu wake.

Orodha na majuto

Baada ya uchaguzi wa 1994, Bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria Na. 34 ya mwaka 1995, na Tume ya Ukweli na Upatanisho ikaundwa chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyetaka msamaha wa kisheria alipaswa kuonyesha kwamba kosa lake lilikuwa na lengo la kisiasa, tena kueleza kila kitu alichokijua kulihusu. Sheria haikudai ajute. Haikudai aombe radhi. Maombi yaliyopelekwa yalizidi 7,000, na waliopewa msamaha ni 849.

Waliosoma nasi Ungamo la Augsburg wataona mara moja ajabu iliyopo. Kifungu cha 11 kinasema kwamba maungamo ya faragha yahifadhiwe kanisani, lakini si lazima mtu aorodheshe dhambi zake zote. Kifungu cha 12 kinasema kwamba toba ina sehemu mbili, yaani majuto, ambayo ni hofu inayoipiga dhamiri itambuapo dhambi, na imani iliyozaliwa na Injili. Kisha matendo mema yafuate kama matunda. Serikali ya Afrika Kusini ilidai orodha pasipo majuto. Sisi twadai majuto pasipo orodha.

Tukilitazama jambo hili kwa mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili, serikali haikukosea kuacha kudai majuto, kwa kuwa hakimu hana kipimo cha moyo, na majuto yanayodaiwa kwa sheria huwa maigizo. Kosa, kwa maoni yetu, lilikuwa katika mavazi. Vikao viliongozwa na askofu katika kanzu yake, vikafunguliwa kwa sala na nyimbo, na watu wengi, hata kwetu huku tuliokuwa tukisikiliza redio, wakadhani kwamba kinachotolewa pale ni ondoleo la dhambi. Kilichotolewa ni kinga dhidi ya mashtaka. Hatumlaumu Askofu Mkuu Tutu kwa kusali; nchi ile ilihitaji kuombewa. Twasema tu kwamba mjane aliyeketi ukumbini alikuwa na haki ya kuambiwa waziwazi ni kitu gani kinafanyika.

Familia ya Mxenge ilielewa vizuri kuliko wanatheolojia wengi. Mdogo wake marehemu, Churchill Mxenge, pamoja na chama cha AZAPO, mjane wa Biko na wengine, walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga msamaha huo. Mwezi Julai 1996 walishindwa. Mahakama ilikiri maumivu yao, lakini ikasema kwamba bila msamaha wauaji wasingesema, na bila wao kusema ukweli usingejulikana. Na msamaha ule haukufuta jinai tu. Ulifuta pia haki ya familia kumdai mwuaji fidia mahakamani. Zakayo, tukumbuke, aliahidi kurudisha mara nne. Sheria hii ilimwambia Zakayo abaki na alicho nacho, serikali itatazama namna ya kulipa. Malipo yalikuja mwaka 2003, randi 30,000 kwa kila aliyetambuliwa kuwa mhanga.

Coetzee alifika mbele ya kamati ya msamaha mjini Durban mwezi Novemba 1996. Tumesoma ushahidi wake, na hatuwezi kusema kwamba haukuwa na majuto. Alipoulizwa juu ya familia ya Mxenge alijibu kwa maana hii: kwamba kusema "samahani" ni kitu duni mno, kwamba hana cha kuwapa, na kwamba hatazamii wamsamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe asingejua namna ya kumsamehe mtu aliyemtendea hayo. Twakiri kwamba tumesikia maungamo mengi yaliyokuwa dhaifu kuliko hayo kutoka kwa watu ambao hawakuua mtu yeyote. Mwezi Mei 1997 Mahakama Kuu ya Durban ilimtia hatiani pamoja na Nofomela na Tshikalange kwa mauaji ya Mxenge. Tarehe 4 Agosti 1997, kabla adhabu haijatolewa, kamati ikawapa msamaha wote watatu. Mamasela hakuomba msamaha kwa mauaji hayo. Alikuwa amekwisha kuwa shahidi wa serikali.

Na mama yake Sizwe Kondile, Bi. Charity Kondile? Coetzee alitamani kukutana naye na kumtazama usoni. Mama alimjibu kupitia wakili wake kwamba hiyo ni heshima asiyoistahili, na kwamba kama kweli anasikitika, asimame mahakamani ashtakiwe. Tumewahi kusikia mhubiri akilitaja jibu hilo kama mfano wa moyo mgumu. Hatukubaliani naye hata kidogo. Mama yule hakukataa kwamba toba ipo. Aliulizia tunda lake. Zaidi ya hayo, mtu aliyemchoma mwanawe moto huku akila nyama alitaka sasa ampe kitu kingine tena, yaani uso wake na muda wake, ili yeye apate kutulia. Wachungaji wengi hawaoni kwamba ombi la msamaha laweza kuwa dai jingine juu ya aliyekwisha kunyang'anywa.

Uria na Zaburi ya 51

Katika ibada zetu twaitumia Zaburi ya 51 kama kioo cha toba, na kwa mapokeo yetu Daudi aliitunga baada ya kujiwa na Nathani. Ndani yake Daudi asema kwamba amemkosea Mungu peke yake. Tumeihubiri zaburi hiyo kwa miaka mingi pasipo kujiuliza Uria alikuwa wapi. Hakika kila dhambi ni juu ya Mungu, na hilo ndilo fundisho. Lakini ndugu za Uria Mhiti wangesikiaje kama wangekuwapo hekaluni siku ile ilipoimbwa?

Katika usharika wetu wa kwanza alikuwapo mzee aliyekuwa amesogeza mpaka wa kihamba cha mjane jirani yake, ile migomba ya upande wa mfereji. Kila Jumapili aliungama pamoja nasi sote kwa maneno ya liturgia, akapokea ondoleo kutoka kinywani mwetu, akaketi. Mjane aliketi benchi la tatu nyuma yake. Hakuna lililokosewa katika liturgia, wala hakuna lililotajwa kwa jina. Tulilijua jambo hilo baada ya miaka miwili, tena kwa kuambiwa na mtoto wa Kipaimara, na twakumbuka kwamba fikira yetu ya kwanza ilikuwa namna ya kulinyamazisha ili baraza la wazee lisigawanyike. Kihamba si damu, twajua. Lakini tangu siku hiyo Kifungu cha 11 tunakisoma kwa uangalifu zaidi. Wazee wetu wa imani waliondoa sharti la orodha ili kuiponya dhamiri iliyoteswa na kuhesabu. Hawakuliondoa ili mwenye kuua apite kwa maneno ya jumla.

Hapo ndipo Coetzee, pamoja na unajisi wote wa nia zake, anatufundisha kitu ambacho watu wema zaidi yake hawakukifanya. Alitaja majina. Alisema Mxenge, Kondile, Umlazi, Komatipoort. Alisema nani alichanganya sumu, nani alishika kisu, nani alitoa amri. Majenerali waliokwenda kanisani kila Jumapili, katika nchi ambayo katiba yake ya 1983 ilianza kwa kumnyenyekea Mwenyezi Mungu, hawakusema lolote hata walipobanwa. Eugene de Kock, aliyeiongoza Vlakplaas baadaye, alianza kusema baada ya kukamatwa na kutiwa hatiani, akahukumiwa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 mwaka 1996. Na waziri wa polisi wa zamani, Adriaan Vlok, aliyepewa msamaha kwa kulipuliwa kwa Khotso House, makao makuu ya Baraza la Makanisa ya Afrika Kusini, mwezi Agosti 1988, alimwendea Mchungaji Frank Chikane mwaka 2006 na kumwosha miguu. Watu wengine walicheka. Sisi hatukucheka, ila twaona kwamba beseni lilikuja miaka 18 baada ya bomu, na kwamba wakubwa wengine hawajaleta hata kitambaa.

Dirk Coetzee alifariki Pretoria tarehe 6 Machi 2013 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka 67. Hakuwahi kutumikia kifungo kwa mauaji aliyoyakiri.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Tulimjibu hivi, baada ya kimya kile. Tungemfungulia mlango Jumamosi hiyo jioni, wala tusingemwuliza kama anasikitika, kwa kuwa angesema ndiyo. Tungemwomba aanze na majina. Kama majina yangetoka, na dhamiri ikaonekana kupigwa, tungempa ondoleo kwa sauti, maana ofisi ya funguo haikukabidhiwa kwetu ili tuifungie sandukuni kwa wale tunaowachukia. Kisha tungemwambia kwamba ondoleo hili halimpi ruhusa ya kwenda kugonga mlango wa Bi. Kondile, na kwamba polisi na mahakama bado wanamngoja, nasi tungefuatana naye hadi huko akikubali. Asingekubali je? aliuliza mwanafunzi. Tulisema kwamba kesho yake tusingempa kikombe. Wanafunzi wawili walipinga kwa nguvu, mmoja akisema kwamba tumeyarudisha matendo mlangoni pa neema, mwingine kwamba tumekuwa wepesi mno na kwamba asingempa ondoleo lenyewe. Kengele ya ibada ya mchana ilipolia walikuwa bado wanabishana, nao walikwenda kanisani wakibishana.